Mlango wa Gurudumu: Safu za Vita katika Mahabharata

Bhagavad Gita, kitabu ambacho mamilioni ya Wahindu hukisoma wakitafuta mashauri ya Mungu, huanza kwa habari za kijeshi. Aya yake ya kwanza ni swali la mfalme kipofu Dhritarashtra, anayetaka kujua wanawe na wana wa marehemu ndugu yake wamefanya nini katika uwanja wa Kurukshetra. Aya ya pili inamjibu kwa kumweleza jinsi mwanawe mkubwa, Duryodhana, alivyolitazama jeshi la maadui likiwa limekwisha kupangwa. Neno la Kisanskriti lililotumika hapo kwa maana ya kupangwa limetokana na shina lile lile la neno vyuha, yaani safu ya vita. Duryodhana anaiona safu hiyo, anamwendea mwalimu wake Drona, na kumwambia: tazama, mwalimu, jeshi hili kubwa la wana wa Pandu, lililopangwa na mwana wa Drupada, mwanafunzi wako mwerevu.

Nilipoisoma aya hiyo kwa mara ya kwanza niliiruka, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kufika kwenye mazungumzo ya Arjuna, mmoja wa wana wa Pandu, na Krishna, mungu anayemwendeshea gari. Miaka ilipita kabla sijaona kuwa mna jambo zito ndani yake. Mwana wa Drupada ni Dhrishtadyumna, ambaye kwa mujibu wa hadithi alizaliwa katika moto wa kafara ili amuue Drona, na Drona, hali akilijua hilo, alimpokea na kumfundisha vita. Siku ile ya kwanza mwalimu anaonyeshwa elimu yake mwenyewe ikimsogelea kutoka upande wa pili wa uwanja, na siku ya 15 mwanafunzi huyo atamkata kichwa. Tangu nilipoelewa hivyo, nimekuwa nikiisoma Mahabharata, utenzi mkubwa ambao Gita ni sehemu yake, kwa kuzifuata safu zake za vita, na kila ninapozifuata hujikuta nimesimama mahali pamoja, asubuhi ya siku ya 13, mbele ya mlango ambao mtoto wa miaka 16 aliufungua na watu wazima wakashindwa kuupita.

Kwanza niseme jeshi lenyewe lilivyokuwa. Mjomba wangu alinifundisha sataranji nikiwa na miaka tisa, na kwa muda mrefu nililichukulia neno hilo kuwa ni letu na la Waarabu tu. Kumbe limesafiri: Waswahili tulilipata kutoka kwa Waarabu, Waarabu kwa Waajemi, na Waajemi kwa Wahindi, ambao waliuita mchezo huo chaturanga, yaani wenye viungo vinne. Viungo hivyo ndivyo viungo vya jeshi la kale la India: tembo, magari ya vita, farasi na askari wa miguu. Ile kete ya pembeni ambayo siku hizi huchongwa kama mnara ilikuwa gari la vita. Kwa hiyo mwenzangu uliyepata kucheza sataranji barazani umekwisha kulipanga jeshi la Kurukshetra, ingawa hukuambiwa.

Mahabharata inavihesabu viungo hivyo kwa utaratibu wa kushangaza. Kikosi kidogo kabisa huitwa patti, nacho kina gari 1, tembo 1, farasi 3 na askari wa miguu 5. Patti tatu hufanya kikosi cha juu yake, vitatu vya namna hiyo hufanya kingine, na kuzidisha huko kwa tatu kunaendelea mara saba. Kisha kikosi cha mwisho kinazidishwa kwa kumi, na hapo hupatikana akshauhini moja yenye magari 21,870, tembo 21,870, farasi 65,610 na askari wa miguu 109,350. Jumlisha tarakimu za hesabu yoyote kati ya hizo na utapata 18. Vita vilichukua siku 18, utenzi una vitabu 18, Gita ina sura 18, na majeshi yote kwa pamoja yalikuwa akshauhini 18: Wakaurava, upande wa Duryodhana, 11, na Wapandava, wana wa Pandu, 7. Mimi siamini kwamba hii ni orodha ya askari iliyohifadhiwa na karani wa kambi. Naamini ni hesabu ya mshairi, na aliitaka ilingane kama mizani ya beti inavyolingana. Hata hivyo, ule uwiano wa moja, moja, tatu na tano una maana ya kivita: tembo na gari ni mali ghali isiyoweza kuachwa peke yake, na kila moja lazima izungukwe na watu na farasi wa kuilinda.

Ukweli kwamba upande mmoja una 11 na mwingine una 7 ndio unaofungua mjadala wa kwanza wa safu. Yudhishthira, mkubwa wa Wapandava, analitazama jeshi la Bhishma, kamanda wa Wakaurava, na moyo wake unaingia baridi. Anamkumbusha Arjuna fundisho la Brihaspati, mwalimu wa miungu, kwamba walio wachache wapigane wakiwa wamesongamana na walio wengi wanaweza kutawanyika wapendavyo, na kwamba wachache wanapowakabili wengi safu yao iwe na mdomo wa sindano. Arjuna anamjibu kwamba atampangia safu iitwayo vajra, radi, ambayo mbunifu wake ni Indra mwenyewe, mfalme wa miungu, na kwamba ndugu yao Bhima ndiye atakayetangulia mbele. Fundisho hilo hilo la wachache kusongamana na wengi kutanuka limo pia katika Sheria za Manu, kwenye sura ya wajibu wa mfalme, pamoja na majina ya sindano na radi. Kwa hiyo mshairi hakuyabuni maneno haya ili kuipamba hadithi. Ilikuwa elimu iliyotarajiwa kwa mtu yeyote aliyelelewa ili atawale.

Siku zinazofuata zinaleta majina ambayo msomaji mgeni huyaona kama hadithi za watoto. Siku ya pili Wapandava wanajipanga kwa umbo la korongo. Siku ya tatu Bhishma anampanga Garuda, yule ndege mkuu anayembeba mungu Vishnu, naye Arjuna anamjibu kwa nusu mwezi. Siku ya tano inakuja makara, mnyama wa majini anayefanana na mamba, na mbele yake anasimama mwewe. Ziko pia safu za mkokoteni, za duara, na za pembe. Sitazipitia zote, kwa kuwa nyingine hutajwa kwa beti chache tu na mshairi akaendelea na vumbi na damu. Ile ya siku ya tatu, hata hivyo, inastahili kuangaliwa kiungo kwa kiungo. Katika Garuda huyo Bhishma ni mdomo, Drona na Kritavarma ni macho mawili, Ashvatthama na Kripa wako kichwani, na Duryodhana mwenyewe yuko mgongoni akizungukwa na ndugu zake. Katika nusu mwezi Bhima amesimama kwenye ncha ya kulia na Arjuna kwenye ncha ya kushoto, ili mdomo wa ndege unapoingia kati ukutane na pembe mbili zinazofumba.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini walichagua ndege na wanyama, na jibu ninaloliamini ni la kikazi. Fikiria uwanja uliojaa vumbi la makumi ya maelfu ya kwato, ngoma na magunda vikivuma hata amri ya mdomo isisikike hatua kumi, na wapiganaji waliokuja kutoka falme mbalimbali na lugha mbalimbali. Mtu aliyeambiwa kwamba yeye yuko bawa la kushoto hahitaji ramani. Anajua kichwa kiko upande gani, anajua kwamba bawa halitangulii mdomo, na anajua kwamba akianguka yeye ndege mzima atainama upande wake. Hata katika Arthashastra ya Kautilya, kitabu kikavu cha utawala kisicho na mapenzi na hadithi za miungu, sehemu za jeshi lililopangwa zinaitwa kwa maneno ya mwili: mabawa, mbavu na kifua. Kautilya anaagiza pia kwamba mfalme asimame umbali wa pinde 200 nyuma ya jeshi pamoja na kikosi cha akiba, na anakataza kabisa kupigana bila akiba. Ninaomba msomaji alikumbuke katazo hilo, maana ndilo lililovunjwa asubuhi ninayoisimulia sasa.

Bhishma ameanguka siku ya kumi na Drona amechukua uongozi wa Wakaurava. Ameahidi kumkamata Yudhishthira akiwa hai, na ameshindwa, kwa sababu Arjuna yuko karibu naye kila wakati. Asubuhi ya siku ya 13 Duryodhana anamlaumu mwalimu wake mbele ya watu, naye Drona, amechomwa na lawama hizo, anaapa kwamba leo ataangusha mmoja wa mashujaa wakubwa na atapanga safu ambayo hata miungu haiwezi kuivunja, mradi Arjuna avutwe mbali. Wale wapiganaji walioapa kufa, Wasamsaptaka, wanamwita Arjuna upande wa kusini wa uwanja. Naye hakatai mwito wa vita, anakwenda. Ndipo Drona anapopanga chakravyuha, safu ya gurudumu.

Maelezo ya utenzi kuhusu safu hiyo ni mafupi kuliko wengi wanavyodhani. Wafalme wamewekwa ndani ya gurudumu. Wana wa wafalme 10,000, wamevaa mavazi mekundu na kubeba bendera nyekundu, wameapa kutotengana. Duryodhana yuko katikati, kwenye kitovu, akiwa na Karna, Kripa na Duhshasana. Drona yuko mbele, na karibu yake amesimama Jayadratha, mfalme wa Sindhu, akiwa ametulia kama mlima Meru. Michoro ya duara ndani ya duara, yenye njia inayojipinda hadi katikati, ilichorwa na vizazi vya baadaye. Mashuhuri zaidi ni ile iliyochongwa katika karne ya 12 kwenye hekalu la Hoysaleswara huko Halebidu, Karnataka, ambako gurudumu ni jiwe lililofumwa kwa njia na watu, na jicho la mtazamaji huingia kwa urahisi na kuhangaika kutoka.

Wapandava wanajaribu kuisogelea safu na mishale ya Drona inawarudisha nyuma. Yudhishthira anatazama huku na huku, na anamgeukia Abhimanyu, mwana wa Arjuna na Subhadra. Anamwambia kwamba hakuna anayejua kuivunja safu hii isipokuwa watu wanne, yaani Arjuna, Krishna, Pradyumna, na yeye kijana. Kisha anamwomba aifanye kazi hiyo ili Arjuna asije akawalaumu atakaporudi. Abhimanyu anajibu bila kuficha kitu: baba yangu amenifundisha kuivunja na kuingia, lakini likinipata la kunipata humo ndani sitaweza kutoka. Yudhishthira anamwambia, mwanangu, ivunje tu utufungulie mlango, nasi tutakufuata pale pale utakapopita. Bhima, baba yake mkubwa, kaka wa Arjuna, anaongeza ahadi yake: nitakuwa nyuma yako, na pamoja nami Dhrishtadyumna, Satyaki na Wapanchala wote.

Sumitra, mwendesha gari la Abhimanyu, anamsihi kijana afikiri tena, akimkumbusha kwamba mzigo aliotwishwa ni mzito, kwamba Drona ni mzoefu, na kwamba yeye amelelewa katika raha. Kijana anacheka. Anasema kwamba hata kama mjomba wake Krishna au baba yake Arjuna wangekuja kupigana naye, hofu isingemwingia. Sijawahi kulisoma jibu hilo bila kuumwa, kwa sababu ni jibu la mtoto hasa: wanaume wakubwa kabisa anaowajua duniani ni baba yake na mjomba wake.

Anaingia. Safu inavunjika mbele ya macho ya Drona mwenyewe, na ufa unafunguka kama ilivyoahidiwa. Kisha Jayadratha anasogea na kusimama kwenye ufa huo. Zamani Wapandava walimwaibisha mtu huyu kwa kosa la kumteka Draupadi, mke wao, na baada ya aibu hiyo alifanya ibada kali hadi mungu Shiva akampa kipaji kimoja: siku moja vitani ataweza kuwazuia Wapandava wote isipokuwa Arjuna. Siku ndiyo hii, na Arjuna hayupo. Bhima anajaribu, Satyaki anajaribu, Yudhishthira mwenyewe anajaribu, na mtu mmoja anaziba mlango ambao nyuma yake kuna jeshi zima lililoahidi kufuata. Hiyo ndiyo akiba ya Kautilya. Ilikuwepo, ilikuwa na nguvu, na ilibaki nje.

Humo ndani Abhimanyu anapigana kwa namna ambayo hata maadui wanaisifu. Anamuua Lakshmana, mwana wa Duryodhana, na anamuua Brihadbala, mfalme wa Kosala. Karna, amechoka na amejeruhiwa, anamwuliza Drona kijana huyu atashindwaje, naye Drona, ambaye amekwisha kumsifu hadharani, anasema kwamba kwanza anyang'anywe upinde na gari. Wanamzunguka mashujaa sita. Karna anaukata upinde, Kritavarma anawaua farasi, Kripa anawaua walinzi wa gari. Kijana anaruka chini na upanga na ngao. Vyote viwili vinavunjwa. Anaokota gurudumu la gari na kumwendea Drona, na gurudumu hilo nalo linakatwa vipande vipande na wafalme waliomzunguka. Kwa Kisanskriti gurudumu ni chakra, neno lile lile lililoipa safu jina lake, na siwezi kuamini kwamba mshairi hakuliona. Mwishowe anashika rungu, anapambana na mwana wa Duhshasana, wote wawili wanaanguka, na yule mwenzake anawahi kuinuka na kumpiga kichwani kabla hajasimama. Kabla ya vita kuanza pande zote mbili zilikubaliana kwamba gari lipigane na gari, mtu na mtu, na kwamba asiye na silaha asipigwe. Kwa siku 12 mapatano hayo yalitetereka hapa na pale. Siku ya 13 yaliangushwa na walimu wenyewe.

Watu wengi waliosimuliwa kisa hiki wamekisikia kwa namna nyingine kidogo. Wanasema Abhimanyu alikuwa bado tumboni mwa Subhadra wakati mafumbo ya safu ya gurudumu yalipokuwa yakielezwa. Mama akapitiwa na usingizi kabla ya sehemu ya kutoka, na mtoto akakosa nusu ya somo. Ni kisa kizuri na kimeenea, wala simlaumu anayekipenda. Katika baadhi ya sehemu za India mchoro wa duara la chakravyuha huandikwa kwa zafarani juu ya sahani, ukaoshwa kwa maji, na mama aliyeshikwa na uchungu akapewa maji hayo anywe ili mtoto aione njia ya kutokea. Kwa msomaji wa pwani yetu sina haja ya kueleza zaidi. Hilo ni kombe, na mkono wa bibi anayeliandika tunaujua.

Lakini katika matini iliyolinganishwa na kuhaririwa na wasomi wa Taasisi ya Bhandarkar huko Pune, kazi iliyoanza mwaka 1919 na kukamilika 1966, kisa cha usingizi hakimo katika masimulizi ya siku hiyo. Kijana anasema wazi kwamba alifundishwa na baba yake. Tofauti hiyo ni kubwa kwangu, na nitaitetea mbele ya yeyote. Tukiufuata usingizi wa Subhadra, lawama inamwangukia mama ambaye hakuwapo uwanjani, na wanaume waliokuwapo wanapona. Tukizifuata beti zenyewe, tunaona watu wazima wanaoujua upungufu wa kijana kwa sababu amewaambia kwa kinywa chake, nao wanaujaza upungufu huo kwa ahadi. Nguvu yote ya safu ni kwamba kila mtu amesimama pale alipo kwa kumtegemea mwenzake kuwa pale alipo. Yudhishthira alimwingiza Abhimanyu katika safu ya namna hiyo, safu ya watu wawili tu, anayefungua na anayefuata, na yule wa pili hakufika.

Siku ya 14 ni ya kisasi, nami nitaipita upesi. Arjuna ameapa kumuua Jayadratha kabla jua halijazama, la sivyo ataingia motoni. Drona anapanga safu kubwa kuliko zote, mkokoteni mbele, ndani yake ua la yungiyungi, ndani ya ua sindano, na Jayadratha amefichwa mwisho wa sindano. Arjuna anapita yote hayo kwa mchana mmoja. Safu iliyotungwa kwa ustadi mkubwa kiasi hicho haikumwokoa aliyefichwa ndani yake, kama vile ufa wa jana haukumwokoa aliyeufungua.

Beti ninazozirudia kuliko zote ni za jioni ya siku ya 13 yenyewe. Arjuna amewashinda waliomwita kusini na anarudi kambini pamoja na Krishna. Anaona kitu kisicho cha kawaida: ngoma hazilii, vinanda viko kimya, waimbaji wa sifa hawaimbi, na wapiganaji wanaomwona wanainamisha nyuso na kuondoka. Mwanawe, ambaye kila jioni hutoka na ndugu zake kumlaki akitabasamu, hajatoka. Arjuna anaingia, anawakuta kaka na wadogo zake wamekaa, hakuna anayesema. Anawaambia amesikia kwamba leo Drona alipanga safu ya gurudumu, na kwamba miongoni mwao hapakuwa na wa kuivunja isipokuwa yule mtoto. Kisha anasema kwamba yeye hakumfundisha kutoka. Na anawauliza: je, mlimwingiza mtoto ndani ya safu ile?